Geti la Waitara

Mwanangu Waitara hakunyimwa bunduki na serikali. Alinyimwa na mimi, mama yake mzazi, mbele ya mkutano mzima wa kijiji hapa Kerende, na siku ile ikirudi leo nitasimama tena niseme yale yale. Natanguliza neno hili kwa sababu wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba niliteleza ulimi. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne, na nusu ya watu waliokaa mkutanoni siku ile niliwafundisha mimi kuandika majina yao. Ulimi wangu hauna utelezi.

Waitara aliondoka akiwa na miaka ishirini, akaenda kusoma Marekani, jimbo la Ohio. Akamaliza masomo, akapata kazi ya kutengeneza majokofu makubwa ya viwandani, akaoa huko huko binti wa Kikurya aitwaye Christina, nesi. Walikaa miaka kumi na minane. Waliporudi mwaka juzi alinunua ng'ombe wa maziwa, na maziwa yake anayapeleka kwenye hoteli za watalii upande wa Ikoma, karibu na lango la hifadhi. Akajenga nyumba ya bati la kijani, akaizungushia ukuta, na kwenye ukuta akaweka geti la chuma lenye kamera. Ukibonyeza kengele anakuona kwenye simu yake kabla wewe hujamwona. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisalimiwa na ukuta.

"Shikamoo Mama, karibu," ukuta ukasema.

Nikauambia siitikii shikamoo ya saruji. Nilisimama pale pale mpaka alipotoka mtu mwenye miguu.

Lakini ni mtoto mzuri, msinielewe vibaya. Hanywi, hapigi mke, na shule yangu ya zamani anaipelekea maziwa kila Jumatatu bila kupiga picha. Ndiyo maana siku aliponiambia anaomba leseni ya bunduki nilimwekea ugali kwanza, kisha nikamwambia aeleze.

"Mama, nyinyi huku bunduki mnaiona kama ukoma," akasema. "Kule inaheshimiwa. Na mwenye nayo anaheshimiwa."

Akanieleza habari za jirani yake wa Ohio, mzee mmoja aitwaye Dale, mstaafu wa kiwanda cha vioo. Mzee huyo alikuwa na bunduki tisa kwenye kabati la chuma. Moja ilikuwa ya babu yake. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, alimchukua Waitara porini kuwinda kulungu, akamfundisha kwamba mtutu hauelekezwi mahali ambapo hutaki kuua, kwamba risasi zinahesabiwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na kwamba bunduki inasafishwa kabla mwenyewe hajala. Baada ya hapo wanaume wa mtaa ule wakaanza kumpungia mkono Waitara, mtu mweusi waliyekuwa wakimpita kama mti.

"Kule mtu anayetunza bunduki yake vizuri ni kama huku mtu anayetunza ng'ombe wake vizuri," akasema. "Watu wanaona huyu anaaminika."

Sikumcheka. Niliona anasema kitu alichokiona kwa macho yake. Nikamuuliza kuhusu watoto wanaopigwa risasi madarasani huko kwao, maana redio ninayo.

"Wapo wanaoharibu, Mama. Hata huku wapo wanaooa wakapiga wake zao. Mbona hamjafuta ndoa?"

Jibu lilikuwa zuri, nikampa alama zake. Ila na mimi nina yangu niliyoyaona. Kaka yangu Simon, mjomba wake huyo huyo Waitara, aliwahi kuwa na bunduki isiyo na karatasi, zamani zile wizi wa ng'ombe ulipopamba moto. Akipita sokoni watu wanasimama. Pombe hanunui, kiti hakosi. Kisha serikali ikatangaza kwamba atakayesalimisha silaha hatashtakiwa, na Simon, aliyekuwa amechoka kulala na viatu, akaipeleka. Wiki ile ile nusu ya salamu zilikauka. Akaja kukaa jikoni kwangu, akaniita kwa jina langu, akasema, "Mokami, kumbe walikuwa wanaisalimia ile." Sijamsahau alivyokuwa amekaa.

Nikamsimulia Waitara. Akasema mjomba alikuwa mwizi na yeye si mwizi. Hapo napo alisema kweli. Tukaishia hapo, naye akaenda kujaza fomu.

Wiki tatu kabla ya mkutano wa kijiji, saa nne asubuhi, jua kali, yowe likapigwa.

Kwa asiyejua kwetu, yowe si kelele. Yowe ni amri. Ng'ombe wakichukuliwa, mwenye nao anapiga yowe, na kila mwanaume anayelisikia anatoka na alichonacho, fimbo, panga au mshale, anakimbilia linakotoka. Hakuna anayeuliza ni ng'ombe wa nani. Wa koo nyingine, wa mtu uliyegombana naye jana kuhusu mpaka, haidhuru, mtagombana tena kesho. Watu wakiwa wengi nyuma ya nyayo, wezi huwatelekeza ng'ombe wakaponya roho zao. Wakiwa wachache, ng'ombe wanavuka mto na habari imekwisha. Anayebaki nyumbani siku ya yowe hata shati lake likianguka kwenye kamba hakuna wa kumwokotea.

Siku ile aliyepiga yowe alikuwa Robi, mjane, jirani wa Waitara ukuta kwa ukuta. Alikuwa na ng'ombe sita, na hao sita ndio waliokuwa wakisomesha watoto wake. Alikimbia barabarani akipiga yowe, akalipigapiga geti la Waitara kwa viganja vyote viwili, kisha akaendelea. Wanaume wengi walikuwa mnadani. Waliotoka ni saba, nao walifika mtoni wakakuta kwato zimeingia majini. Robi alirudi na kamba mkononi.

Waitara hakutoka.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu anaitwa Honoratha, binti wa Kihaya aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba, mwandishi mzuri, herufi zake zimesimama wima. Akasoma ajenda ya nne: ombi la Ndugu Waitara kumiliki shotigani kwa ajili ya ulinzi wa mali. Akaeleza kwamba kazi ya kijiji ni kusema kama kinamjua mwombaji na tabia yake. Mengine yote ni ya wilayani.

Waitara alisimama akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Akaeleza vizuri kuhusu kabati la chuma, kufuli mbili, na cheti cha mafunzo cha Ohio chenye muhuri. Nilimwona Honoratha anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Waitara akakaa, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kupewa.

Mwenyekiti wa kijiji ni Werema. Werema na Waitara ni rika moja, walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja. Na kwetu mtu akitaka jambo zito, rika lake ndilo linaloulizwa kwanza, kwa sababu hao ndio waliomwona akilia na wakamwona akinyamaza.

"Rika lake waseme," Werema akasema.

Hakuna aliyesimama. Wanaume kumi na zaidi walitazama nyasi. Mmoja wao, Wangwe, mtu wa maneno mengi kila siku, akasema bila kuinuka, "Huyo Mmarekani mwulizeni ukuta wake," na watu wachache wakacheka.

Ndipo Robi akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi sina neno na jirani yangu," akasema. "Nauliza kitu kimoja tu. Siku ile nilipogonga geti, uliniona?"

Mwanangu angeweza kudanganya. Angesema alikuwa Ikoma. Lakini sikumlea hivyo.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona kwenye simu. Nikamwambia Christina aingie chumba cha ndani, nikafunga milango, nikapiga simu polisi kabla dakika moja haijaisha. Rekodi ninayo hapa, mnaweza kuangalia saa." Akaitoa simu kabisa na kuinyoosha. "Kule ndivyo inavyofanyika. Kwanza unalinda nyumba yako, kisha unaita wanaohusika. Ndiyo maana naomba silaha. Nikiwa nayo, hakuna atakayeingia kwangu."

Alidhani amejitetea. Maskini mwanangu alisimama pale amenyoosha simu, akingoja mtu aje aangalie saa, na uwanja mzima ukasikiliza malori ya mgodi wa jirani yakipanda kilima. Miaka kumi na minane ni mingi. Alikuwa amerudi na kila kitu isipokuwa miguu yake.

Werema akakohoa. "Mura, hatujakukataa," akasema kwa upole, kwa neno letu la kumwita kijana wa kiume. "Hatukujui tu." Kisha akanigeukia. "Rika likinyamaza anaulizwa mzazi. Mwalimu, shikamoo. Wewe unamsemea?"

Nilijua ninachotakiwa kufanya kama mama. Mtoto akifa maji, mama hafundishi kuogelea. Ningesema ndiyo, wangenikubalia kwa heshima yangu, na jina lake lingekwenda wilayani siku ile ile. Nikamtazama. Alikuwa ananitabasamia, ana uhakika nami.

"Marahaba," nikasema. "Simsemei."

Honoratha akainua kalamu. "Samahani Mwalimu?"

"Simsemei. Sina ugomvi na bunduki za Marekani. Wenyewe wanajua kwa nini wanaziheshimu, na mwanangu amenieleza, nimemwelewa. Lakini hapa nimeulizwa kama namjua mtu huyu. Siku ya yowe, akiwa na fimbo, hakutoka. Akipewa bunduki atatoka? Au atafunga geti kwa nguvu zaidi? Mimi sijui. Mama yake sijui. Basi nyinyi mtajuaje?"

Nikakaa. Honoratha akaandika, na Waitara akakunja cheti chake cha Ohio mara mbili, mara nne, akakitia mfukoni. Iliniuma. Sitasema iliniuma kidogo ili nionekane shujaa. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kupika.

Wiki saba hakukanyaga kwangu. Maziwa alileta Christina, anayaweka mezani, ananiamkia, anaondoka. Watu wakanipongeza, nikawafukuza. Wangwe alikuja akichekelea kwamba nimemtia adabu Mmarekani, nikamkumbusha darasa la tatu alikuwa wa arobaini na moja kati ya arobaini na mbili, na yule wa mwisho alikuwa mgonjwa.

Wiki ya nane nikaenda mwenyewe. Nikabonyeza kengele. Ukuta haukusema kitu. Alitoka yeye, kwa miguu, akafungua. Tukakaa barazani akanitilia mtindi kikombeni.

"Umeniaibisha," akasema.

"Ndiyo."

"Kule nilikuwa mtu. Mzee Dale aliniamini nikashika bunduki ya babu yake. Hapa kwetu mama yangu haniamini."

"Huyo mzee Dale," nikasema, "wewe ulianza kumheshimu siku gani? Siku ya kulungu?"

Alitaka kujibu haraka, akasita. Akaweka kikombe chake chini.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa kabla. Siku ya theluji."

Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Mwaka wake wa pili kwenye mtaa ule alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku. Asubuhi moja alirudi theluji imefika magotini, amechoka, akijua itabidi achimbe njia ndipo aingie ndani. Akakuta njia imekwisha kuchimbwa, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, imenyooka kama mstari wa rula. Hakuna mtu mtaani aliyelijua hata jina lake. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu akawahi kurudi, akamkuta yule mzee mwenye mgongo uliopinda anachimba kwa beleshi, anapumua kwa shida. Alipomshukuru, mzee alisema tu kwamba alikuwa amekwisha kuamka. Alimchimbia majira yote ya baridi. Kuwinda kulikuja mwaka uliofuata.

"Kwa hiyo beleshi lilitangulia," nikasema.

Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, mazuri tu, nikayameza. Mwalimu anatakiwa ajue kengele ikishalia. Nikamaliza mtindi wangu, nikamwambia umechacha kupita kiasi, nikaenda zangu.

Mwezi ukapita. Alhamisi moja, saa tisa alasiri, nilikuwa naanika muhogo juu ya jiwe niliposikia yowe. Lilitoka upande wa bondeni, na sauti niliijua, maana iliwahi kunisomea vibaya mwaka mzima. Ni Wangwe. Kati ya watu wote, Wangwe.

Mimi nina miaka sabini na mmoja, siwezi kufuata nyayo. Nilichoweza ni kujua. Nikachukua fimbo yangu nikashika njia ya kwa Waitara, na sitaficha, nilitembea nikiomba. Wanaume walinipita wakikimbia, na kila aliyenipita nilimwangalia mgongo kama ni wa mwanangu.

Nilipofika, geti lilikuwa wazi.

Halikuwa limeegeshwa. Lilikuwa wazi lote, mabawa mawili, hata lori lingepita. Bomba la maji lilikuwa linamwaga kwenye ndoo iliyojaa zamani. Ndama wawili walikuwa wameshatoka, wako barabarani wanakula mahindi ya Robi. Mlango wa nyumba wazi. Christina alikuwa kazini kwenye kituo cha afya. Juu ya dumu la maziwa simu ya Waitara ilikuwa inalia yenyewe, nikaiinua, na kwenye kioo nikaona uwanja wa barabara mbele ya geti na Robi amesimama pale, kidole kwenye kengele, akishangaa.

"Yuko wapi?" akaniuliza nilipotoka.

"Amekimbia," nikasema. "Amefuata yowe."

Robi aliangalia geti, akaangalia ndani, nyumba yote na vitu vyake vyote imekaa wazi. Kisha akafunga kanga yake kiunoni, akawaswaga ndama wakarudi ndani, akaja akakaa kando yangu kwenye jiwe la getini. Tukalinda. Wanawake wawili na fimbo moja, na ningependa kumwona mwizi ambaye angetupita siku ile.

Walirudi jua linazama. Ng'ombe kumi na wanne wa Wangwe walikuwa mbele, wote, na nyuma yao kundi la wanaume wenye matope hadi kiunoni. Waitara alikuwa na kiatu kimoja. Mkono wake wa shati ulikuwa umebaki kwenye miiba ya mtoni. Werema alikuwa amemshika begani, na Wangwe alikuwa anaeleza kwa sauti jinsi mura huyu alivyoingia majini kwanza, kabla ya mtu yeyote, akiwa na ufagio. Ufagio wa zizini. Ndio aliokuwa ameushika yowe lilipompata.

Wote wakaingia getini wakanywa maziwa yote yaliyokuwa yaende Ikoma.

"Nilisahau kufunga," Waitara akaniambia.

"Niliona," nikasema, na nikageuza uso pembeni kwa sababu machozi ya mwalimu si ya kuonwa na wanafunzi wengi namna ile.

Ombi lake lilirudi mkutanoni baada ya mavuno. Hakulirudisha yeye, alilirudisha Werema. Honoratha akalisoma tena, maneno yale yale. Werema akasema rika lake waseme, na safu nzima ikasimama mara moja, Wangwe akiwa wa kwanza na akiongea zaidi ya alivyotakiwa. Robi naye akasimama, ingawa hakuna aliyemwita. Rika likishasema mzazi haulizwi, na Honoratha alikuwa amekwisha kuinamia karatasi yake.

"Naomba mama yangu aulizwe," Waitara akasema.

Safari hii hakuwa anatabasamu. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nikasimama. Nikasema kwamba bunduki siipendi na sitaipenda, na kwamba ikiletwa kwake isije ikawekwa mahali ninapoketi. "Lakini nimeulizwa kama namjua mtu huyu," nikasema. "Namjua. Andika kwamba mama yake anamsemea."

Honoratha akaandika. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akauliza, "Niandike sababu gani, Mwalimu?"

"Andika kwamba geti lake huachwa wazi."

Binti wa watu akasita. "Mwalimu, wilayani wakisoma hivyo wataona ni uzembe. Mtu anaomba silaha, halafu geti lake liko wazi?"

Uwanja mzima ulicheka, Waitara zaidi ya wote, na Robi alikuwa anajifuta macho kwa kanga.

"Andika hivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Wilayani watasema yao. Sisi tumeulizwa la kwetu."

Akaandika, kwa zile herufi zake zilizosimama wima.